Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Manispaa ya Lamu: miaka 25 ya urithi wa dunia iadhimishwe kwa chokaa

Mkomani, Lamu
Januari 2026

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalaam alaykum warahmatullah.

Desemba mwaka huu Mji Mkongwe wa Lamu utatimiza miaka 25 tangu Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, katika kikao chake cha Helsinki, Finland, ilipouingiza kwenye orodha yake. Hilo mnalijua, na bila shaka kuna mahali limeshaanza kuzungumzwa. Mimi nina maneno ya pesa, tarehe na chokaa. Naandika mapema kwa makusudi, maana sherehe ya serikali huamuliwa kwenye makaratasi miezi mingi kabla ngoma ya kwanza haijawambwa.

Nianze na kalenda. Mwaka wa fedha unaingia 1 Julai. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti unatakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya 28 Februari kupita, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Kwa hiyo shilingi itakayotumika Desemba inatafutiwa nafasi yake sasa hivi. Na mwaka huu vikao hivi vinakutana na Ramadhani, ambayo inatarajiwa kuandama katikati ya Februari. Kikao cha wananchi kikiitwa saa nane mchana watu wamefunga, atakayekuja ni yule aliyeahidiwa nauli. Naomba viitwe asubuhi mapema, au baada ya tarawehe, na viitwe Mkunguni mbele ya Ngome ambako kila mtu hupita, wala si kwenye ukumbi wa hoteli. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inawapa wakazi haki ya kukutana na kutoa maoni juu ya mambo ya mji wao. Haikusema wakutane na tumbo tupu kwenye jua.

Pia naomba kifungu cha sherehe kisimezwe ndani ya maneno mapana kama “utalii na utamaduni”. Kiandikwe kwa jina lake, tuone ni kiasi gani na kitanunua nini.

Hapo kwenye kununua ndipo penye barua yangu.

Sote tumeshahudhuria maadhimisho ya serikali, pwani na bara, na mpangilio wake tunao kichwani. Mahema meupe, viti vyenye vitambaa kwa wageni wa heshima, spika kubwa kushinda uwanja, fulana zenye picha ya mtu, chupa za maji, hotuba ya kumtambua kila aliyekuja kwa cheo chake hadi jua linageuka. Siku ya pili mahema yanakunjwa na mwenye mahema analipwa. Mji unabaki na chupa.

Sisemi watu wasifurahi. Ngoma tunazo: goma, kirumbizi, na vugo la kina mama. Mbio za punda, mashindano ya majahazi na bao vimeshazoeleka katika tamasha la kila mwaka, na watu wa Amu, yaani Lamu, hawahitaji mshauri wa kuwafundisha kusherehekea. Wapeni uwanja na taa, mengine watayafanya wenyewe. Kwa hilo fedha nyingi hazihitajiki.

Fedha ziende kwenye nyumba. UNESCO iliuandika mji huu kwa kuwa ndio makazi ya Waswahili yaliyo makongwe na yaliyohifadhika vyema kuliko yote Afrika Mashariki, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na miti ya mikoko, yenye viwanda (nyua) vya ndani, madaka (baraza za mlangoni) na milango ya nakshi. Hekta 16 hivi tu. Katika hekta hizo, ukitoa Ngome, makumbusho, misikiti na majengo machache ya umma, kilichobaki ni nyumba za watu. Anayeshikilia urithi wa dunia usidondoke ni mama mwenye duka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ni mvuvi, ni mwalimu mstaafu. Dari ikivuja, yeye ndiye anayetafuta korija (boriti ishirini) ya boriti za mikoko.

Na boriti haziji peke yake. Wapo wakataji mikoko, wengi wao ndugu zetu Wabajuni, ambao marufuku ya ukataji miti ya 2018 iliwaathiri vibaya. Wapo wachimba mawe wa Maweni kule Manda. Wapo manahodha wa kuvusha mawe hayo na wenye punda wa kuyapandisha vichochoroni, kwa sababu hakuna gari litakalopita. Wapo wachomaji chokaa, ambao wanazidi kupungua. Na wapo mafundi wachache, wengi wao wazee, wanaojua bado kwa nini vyumba vyetu ni vyembamba: boriti moja haivuki zaidi ya mita tatu hivi, basi chumba hufuata mti, si mti kufuata chumba. Hawa ndio waliotuandikisha Helsinki. Sijui kama hata mmoja wao alipata kupewa kiti cha kitambaa.

Pendekezo langu ni kwamba sehemu kubwa ya fedha ya maadhimisho, na nikisema kubwa nakusudia zaidi ya nusu, itumike kutengeneza nyumba kadhaa zilizo hatarini, zitengenezwe kwa chokaa na boriti kama zilivyojengwa, na kila kundi la mafundi lipewe vijana wa kufunza. Vijana waliozaliwa mwaka ule wa 2001 mwaka huu wanatimiza miaka 25. Wamekulia ndani ya urithi wa dunia, na wengi wao kazi wanayoijua ni simiti.

Nisimame kidogo hapa kwenye simiti, kwa sababu ndiyo inayotumaliza kimyakimya. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu wa ardhini hupanda, ukuta ukautoa nje, ukakauka. Ukiupiga lipu ya simiti unauziba. Maji na chumvi hubaki ndani, chumvi inakula jiwe, na baada ya muda lipu inabanduka pamoja na uso wa ukuta. Kwa macho, mwaka wa kwanza, nyumba ya simiti inapendeza kuliko ya chokaa. Mwenye nyumba halaumiwi: simiti iko dukani, inakauka kesho, na kila fundi wa mtaani anaijua. Chokaa inataka matumbawe ya kuchoma, kuni, tanuri, shimo la kuizimia kwa maji, na subira ya wiki nyingi ili ilainike, halafu lipu yake inapigwa tabaka kwa tabaka na kila tabaka inasubiriwa. Ni ghali kwa muda zaidi kuliko kwa pesa.

Ndiyo maana nikaanza na kalenda. Masika inaponyesha, Aprili hadi Juni, lipu ya chokaa haipigiki nje. Vuli nayo hugusa Oktoba na Novemba. Kilichobaki kwa kazi ya nje ni Julai hadi Septemba, miezi mitatu ile ile ambayo mwaka mpya wa fedha ndiyo kwanza unafunguliwa na makaratasi ya zabuni yanazunguka meza kwa meza. Chokaa lazima iwe imeshachomwa na kulowekwa kabla ya Julai. Zabuni ikitangazwa Oktoba, mwanakandarasi atakuja na mifuko ya simiti na rangi ya mafuta, afanye kazi usiku na mchana ili Desemba picha zitoke vizuri, na tutakuwa tumeadhimisha mji wa chokaa kwa kuuziba pumzi. Na tafadhali, pasijengwe mnara wa kumbukumbu wa zege. Nimesikia wazo la namna hiyo likitajwa barazani kama mzaha, lakini mizaha mingine huwa inapata bajeti.

Kuhusu zabuni, njia ipo ndani ya sheria. Asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wachomaji chokaa na mafundi wachanga wasaidiwe kusajili vikundi vyao mwezi huu na ujao, si wiki ya mwisho. Wataalamu wa uhifadhi wa Makumbusho ya Taifa wawekwe kwenye usimamizi tangu mwanzo, maana hata hivyo kila kazi katika Mji Mkongwe inabidi ipite mikononi mwao.

Nyumba zipi? Hapa patakuwa na maneno. Naomba zisichaguliwe zile za ufukweni peke yake kwa sababu mgeni akishuka botini ndizo anazoziona. Nyumba iliyo mbioni kuanguka huko nyuma, juu ya njia wanayopita watoto wa madrasa, ina haki zaidi. Na mji si mtaa wa Mkomani tu, mtaa wa Langoni nao uhesabiwe. Vigezo vibandikwe ubaoni, orodha ibandikwe ubaoni, na atakayeachwa aambiwe kwa nini. Nami niseme wazi kwamba ni mmoja wa warithi wa nyumba moja ya hapa Mkomani. Nyumba hiyo isiingizwe kwenye orodha mwaka huu, ili niweze kuyasema haya bila kunyooshewa kidole.

Hilo neno “warithi” linanipeleka kwenye jambo ambalo naona kamati nyingi za sherehe zingelipita. Nyumba nyingi zinazodondoka hapa mjini hazikuachwa kwa umaskini wala uzembe. Zimekwama kwenye mirathi. Babu alikufa akaacha watoto saba, watoto nao wakaacha wajukuu. Mmoja yuko Mombasa, mwingine Maskati, mwingine Jeddah, mwingine Toronto. Kila mmoja ana fungu lake halali, na hakuna mwenye fungu kubwa la kumfanya apande darini na nyundo. Wanne wakikubaliana kutengeneza, wa tano hashiki simu. Mwishowe anakuja mnunuzi kutoka ng’ambo mwenye pesa taslimu, na hapo ghafla wote wanapatikana. Kuuza si haramu. Lakini mtu anayeuza kwa kuwa ameshindwa kuwakutanisha ndugu zake si sawa na aliyeamua kuuza.

Basi mialiko ya kwanza ya Desemba iende kwa hawa. Waitwe warithi wa nyumba za Mji Mkongwe, popote walipo, waje nyumbani. Njia za kuwafikia zipo: misikiti, jamaa wa Oman na Ghuba, makundi ya ukoo kwenye simu ambayo tayari hayalali. Shule zimefungwa, familia zinasafiri. Kwa siku mbili au tatu ndani ya Ngome wakae pamoja na Kadhi, afisa wa ardhi na mtaalamu wa makumbusho, wakiwa na makaratasi yao. Mahakama ya Kadhi inayatambua mambo ya mirathi ya Waislamu kwa mujibu wa Katiba, haianzishwi kitu kipya. Familia kumi zikiondoka pale na makubaliano yaliyoandikwa juu ya nani anatengeneza na nani anakaa, sherehe imeshalipa gharama yake. Chakula chao kitakuwa rahisi kuliko hema moja la wageni wa heshima.

Tena kuna suala la siasa, nalo nitalisema kwa adabu. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Desemba 2026 kila mwenye nia ya kiti atataka kipaza sauti, walio madarakani na wanaovitamani viti vyao. Naiomba Bodi iweke kanuni mapema, kabla hajajulikana nani anakuja: hotuba ziwe chache, zipimwe kwa dakika, na zitanguliwe na fundi, mkata mikoko na mama mwenye nyumba. Fulana zisiwe na sura ya mtu yeyote. Ikishindikana, basi zichapishwe picha ya punda, ambaye kazi yake kwa mji huu haina mpinzani.

Jirani zetu wasisahauliwe. Matondoni wanaunda majahazi, Faza, Siyu na Pate wana historia ambayo bila hiyo ya Amu haisomeki, na tangu 2021 gati la kwanza la bandari mpya limefunguliwa ng’ambo ya pili. Wakati wa kikao kile cha Helsinki bandari hiyo haikuwepo. Ningependa katika siku hizo za Desemba kuwe na kikao kimoja cha wazi kuhusu bandari hiyo na mji huu, wavuvi wakiwepo, pasiwe na mwandishi wa hotuba.

Naomba jibu la maandishi, libandikwe kwenye ubao wa matangazo na lisomwe redioni kabla ya 28 Februari, likieleza mambo matatu: kiasi kinachopendekezwa, sehemu yake itakayokwenda kwenye nyumba, na tarehe ambayo chokaa itaanza kuchomwa.

Wasalaam,

Mrithi mmojawapo wa nyumba ya Mkomani

Nakala: Ofisi ya Gavana, Kaunti ya Lamu; Waheshimiwa wawakilishi wa wadi za Mkomani na Shela; Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Lamu; Ofisi ya Kadhi, Lamu.