Maji ya Mfangano Nayo ni Barabara

Mhariri,

Makala mengi yanayoandikwa kuhusu visiwa vya upande wetu wa Ziwa Victoria huishia Migingo, mwamba usiofikia hata ekari moja ambao umetuzozanisha na Uganda kwa miaka mingi, au huandikwa siku ambapo boti imezama na maiti zinatafutwa. Visiwa vilivyobaki, ambako watu hulima, huoa, huzika na kupeleka watoto shule bila kugombana na mtu, havipewi nafasi. Naomba nafasi hiyo kwa ajili ya Mfangano, kisiwa cha Kaunti ya Homa Bay ambako nilifundisha kabla ya kustaafu na kuhamia hapa Kisumu.

Mfangano kiko mahali ambapo Ghuba ya Winam inafunguka kuingia ziwa kuu. Kina ukubwa wa takribani kilomita 65 za mraba, na katikati umesimama mlima Kwitutu, ambao kilele chake kimepita mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hivyo vijiji vimejipanga ukingoni kati ya mteremko na maji. Wenyeji ni Abasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao wazee wao walivuka kutoka upande wa Uganda karne kadhaa zilizopita, na ambao leo wengi wao huzungumza Kijaluo nyumbani na sokoni, huku Kisuba kikibaki zaidi vinywani mwa wazee. Huko Kwitone na Mawanga kuna michoro ya kale ya miduara myekundu na myeupe kwenye miamba, ambayo huhusishwa na Watwa walioishi hapo kabla yao, na jamii yenyewe imeanzisha Makumbusho ya Amani ya Abasuba ili kuitunza. Nchi nyingine ingekuwa na urithi kama huu ingeutangaza kwa tarumbeta. Sisi tunamwachia mgeni atafute mwenyewe njia ya kufika.

Njia hiyo ndiyo hoja yangu. Rusinga, kisiwa jirani, kiliunganishwa na Mbita, mji ulio nchi kavu, kwa tuta katika miaka ya 1980, na baadaye tuta hilo likabadilishwa kuwa daraja ili maji ya ghuba yapate kupita. Tangu hapo mtu wa Rusinga husafiri kwa matatu kama mtu wa Ahero. Mfangano kiko mbali mno kwa daraja, na sijasikia mtu mwenye akili timamu akilidai. Kwa hiyo karibu kila kinachoingia na kutoka hupita majini: walimu, dawa, saruji, unga, na omena waliokaushwa wanaoishia masoko ya Kisumu na Nairobi.

Asiyewahi kupanda boti ya abiria pale Mbita aende akaone. Mizigo hupangwa kwanza, kreti za soda chini, kisha mabati, magodoro, mitungi ya petroli na kuku waliofungwa miguu, na abiria huketi juu ya mbao mahali penye nafasi. Jaketi za kujiokoa zipo, kwa kuwa sheria inazidai, lakini nyingi zimekatika kamba, na zile nzima mara nyingi hugeuzwa mto wa kukalia kwa sababu mbao zimelowa. Mkifika ufuo usio na gati, hupanda mgongoni mwa kijana anayekubeba hadi nchi kavu kwa malipo. Nimewaona akina mama wajawazito wakibebwa hivyo, na wakifanyiwa mzaha na waliosimama ufuoni, jambo ambalo lilinikera kuliko hata hatari yenyewe.

Hayo ni ya mchana, ziwa likiwa limetulia. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, pepo zikashuka kutoka pande zote na kukutana juu ya ziwa, na ndiyo maana dhoruba nyingi za ngurumo hutokea humo kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa omena wamewasha taa zao. Mgonjwa anayepewa rufaa saa nane za usiku hana chaguo ila kungoja kuche au kuingia maji hayo katika boti ya kukodi, akiongozwa na nahodha anayetafuta ufuo kwa kukisia, kwa kuwa ng'ambo hakuna taa ya kumwelekeza. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi kimo ambacho hakikuwahi kurekodiwa, sehemu nyingi za kutia nanga zilifunikwa na maji, na nyingine zilikarabatiwa na wavuvi wenyewe kwa mawe na magunia ya mchanga.

Wapo watakaosema kwamba boti ni biashara ya watu binafsi na kwamba wenye boti ndio wanaopaswa kugharimika. Matatu pia ni za watu binafsi, lakini hatujawahi kumtaka mwenye matatu ajenge barabara. Tena kuna jambo ambalo sijaona likizungumzwa katika kurasa zenu. Kila lita ya petroli inayouzwa nchini hutozwa ada ya matengenezo ya barabara, ambayo mwaka 2024 ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Injini ya boti haina pampu yake maalumu. Inakunywa petroli ile ile ya pikipiki. Mvuvi wa Mfangano na mama anayelipa nauli kwenda Mbita wanachangia lami ya Kakamega na Nakuru kila wanapovuka, ilhali njia yao wenyewe haihesabiwi kuwa barabara. Magavana na wabunge walipokuwa wakivutana mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za ada hiyo, sikusikia hata upande mmoja ukiyataja maji.

Sidai meli ya kifahari. Ninachodai ni gati la zege pale Sena, kituo kikuu cha Mfangano, na katika fuo nyingine kubwa za kisiwa, taa za sola kwenye magati hayo na Mbita, boti ya wagonjwa yenye nahodha wa zamu ya usiku, na utabiri wa ziwa wa Idara ya Hali ya Hewa ubandikwe ufuoni kila jioni kwa Kijaluo na Kiswahili. Vikundi vya usimamizi wa fuo viko tayari kila mahali na vinaweza kuifanya kazi hii ya mwisho bila kuajiri mtu mpya.

Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa kwenye mabunge yake kufikia mwisho wa Aprili na kupitishwa kabla ya Juni kuisha. Naliomba gazeti hili limtume mwandishi apande boti ya jioni kutoka Mbita, alale Sena, kisha awaulize wawakilishi wa wadi na maafisa wa barabara ni kiasi gani cha ada hiyo ya petroli kilichotengewa magati mwaka huu, na jibu lao lichapishwe kabla makadirio hayajapigiwa kura.

Mwalimu mstaafu,
Kisumu.