Risala ya Kikundi cha Mafundi wa Vitu vya Watoto, Nyakato, Mwanza, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mtendaji wa Kata na Afisa Maendeleo ya Jamii,
Wazee wetu, majirani, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana,

Kwa kuwa bado ni asubuhi, nianze kwa salamu ya nyumbani: mwangaluka! Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja kukaa nasi kwenye maturubai haya siku kikundi chetu kinapotimiza miaka sita.

Tupo wanachama 23, wanawake 15 na wanaume 8. Tunatengeneza vitanda vya watoto, viti na meza za chekechea, magari na wanyama wa mbao, midoli ya vitambaa na nguo za watoto wachanga. Mbao zetu nyingi ni za msonobari na zinavuka ziwa kutoka Ukerewe. Wateja wetu ni shule za awali za Igoma, Buhongwa na Kisesa, akina mama wa Kirumba, na siku hizi watu wa Sengerema na Geita, ambao tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hawasubiri tena kivuko ili kufuata kitanda cha mtoto. Hesabu za fedha zimo kwenye bahasha utakayokabidhiwa na mweka hazina, kwa hiyo sitazisoma. Tumekubaliana muda wetu wote uende kwenye jambo moja, nalo ni usalama wa vitu tunavyowatengenezea watoto na gharama ya kuuthibitisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miaka mitatu iliyopita mama mmoja aliturudishia gari la mbao likiwa na magurudumu matatu. La nne alikuwa amelitoa kwa kidole kwenye koo la mtoto wake wa miezi 14. Hakutugombeza. Aliliweka gurudumu mezani, akasema, "Nimewaletea muone." Mtoto yule yuko salama, lakini siku ile hakuna aliyeshika msumeno. Gurudumu tulikuwa tumelibandika kwa gundi tu, bila pini, kwa sababu gundi ni ya haraka.

Kijana wetu mmoja anayesoma chuo hapa Mwanza alitutafutia viwango vya kimataifa vya vichezeo, vile vya ISO 8124, akatufafanulia. Humo kuna kipimo ambacho fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza: tundu la duara lenye upana wa milimita 31.7, lenye kitako cha mteremko, upande mmoja kina cha milimita 25.4 na upande wa pili 57.1. Kwa lugha ya karakana ni keekee ya inchi moja na robo, kina kikianzia inchi moja hadi mbili na robo. Tundu hilo linafanana na koo la mtoto mdogo. Kitu chochote kinachozama chote humo hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Tulichonga kipimo hicho kwenye gogo la mninga siku iyo hiyo. Magurudumu yetu yote yalizama. Tuliyachoma yote, tukaanza upya na magurudumu makubwa yenye pini.

Ninasimulia haya ili ieleweke kwamba hatuji mbele yako kuomba sheria ilegezwe ili mtoto ale hasara. Sisi wenyewe ni wazazi.

Jambo la rangi lilitutesa zaidi, kwa sababu tundu unaliona, lakini madini ya risasi yaliyomo ndani ya rangi huyaoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Huharibu ubongo kimyakimya. Rangi za njano na nyekundu zinazong'aa ndizo zenye mashaka zaidi, na ndizo watoto wanazozipenda. Tangu tulipojua, wanyama wetu wa mbao tunawapaka mafuta ya alizeti na nta ya nyuki tu. Wateja wengine hulalamika kwamba twiga amepauka, lakini tumeona heri apauke.

Sasa, Mheshimiwa, hapa ndipo tunapokwama. Mwaka jana mnunuzi mmoja alitaka seti 60 za vichezeo vya chekechea. Kazi aliipenda. Kisha akaomba cheti cha maabara kwa kila aina ya kichezeo na kwa kila rangi. Aina zilikuwa tisa. Chukua mfano tu: kama kipimo kimoja ni shilingi laki mbili, kiwanda kinachotoa midoli 50,000 kinaongeza shilingi nne kwa kila mdoli, na mteja hatahisi chochote. Sisi tunaotoa midoli 60 tunaongeza shilingi 3,333 kwa kila mmoja. Tena midoli iliyopimwa hukwanguliwa au huvunjwa, haiuziki. Oda ile tuliikosa, na hatumlaumu mnunuzi, maana alikuwa akiwalinda watoto wake kwa njia aliyoijua. Lakini usalama wa kitu na uwezo wa kulipia cheti chake ni mambo mawili, na mdogo anaanguka kwenye la pili hata kama la kwanza amelifaulu.

Wenzetu Marekani walishapita njia hii. Mwaka 2006 mtoto wa miaka minne wa Minnesota alimeza pambo la bangili lenye risasi akafariki. Mwaka 2007 mamilioni ya midoli ya viwanda vikubwa yalirudishwa kutoka madukani kwa sababu ya rangi yenye risasi. Mwaka 2008 wakatunga sheria kali: risasi kwenye vitu vya watoto isizidi sehemu 600 katika milioni, kisha 300, na kufikia mwaka 2011 isizidi 100, na kila bidhaa ipimwe na maabara ya nje. Nia ilikuwa njema kabisa. Walioumia kwanza, hata hivyo, ni mafundi wa mikono, washonaji wa nyumbani na wauza mitumba ya watoto, ambao hawakuwa chanzo cha tatizo. Walilia hadi wakasikika. Mbao na pamba zisizotiwa kitu zikaondolewa kwenye kipimo cha risasi, kwa kuwa kwa asili yake hazifikii kiwango hicho. Ikaruhusiwa kopo la rangi lipimwe mara moja na cheti chake kitumike kwa kila kitu kilichopakwa rangi hiyo. Mwaka 2011 sheria ikarekebishwa: mwenye mapato yasiyozidi dola milioni 1 kwa mwaka, anayetoa bidhaa ya aina moja isiyozidi 7,500, akajiandikisha kama mzalishaji mdogo na kupunguziwa baadhi ya vipimo vya nje. Lakini rangi, vitanda vya watoto, chuchu za kunyonya na vipande vidogo havikupunguziwa hata kwa mdogo. Tunaona walitenda haki, na ndiyo haki tunayoiomba.

Tunatambua na kushukuru kwamba hapa kwetu mjasiriamali mdogo anaweza kupita SIDO, shirika la viwanda vidogo, akapata barua ya utambulisho na kuhudumiwa na TBS, shirika la viwango, bila malipo kwa kipindi cha mwanzo. Hofu yetu ni siku kipindi hicho kitakapokwisha. Tunaomba utufikishie ombi kwamba cheti cha kopo la rangi, gundi au kitambaa kikubalike kwa bidhaa zote zilizotokana nacho, na vikundi kadhaa viruhusiwe kununua rangi ya pamoja na kuipima kwa pamoja. Ipo pia mashine ya mkononi ya miale inayosoma risasi kwa dakika chache bila kuharibu kitu. Ikipita kwenye vikundi vyetu hata siku moja kila robo mwaka, tutapanga foleni tangu alfajiri. Na midoli ya plastiki inayomwagwa chini sokoni, isiyo na jina la aliyeitengeneza, nayo ikaguliwe kwa jicho lilelile tunalokaguliwa nalo sisi.

Kwa upande wetu, kila kitu kinachotoka karakana yetu sasa kina mwezi, mwaka na namba ya fundi, vimechomwa kwa chuma cha moto upande wa chini. Daftari lina aina ya mbao na gundi ya kila namba. Mzazi akirudi na gurudumu mkononi, tutajua mengine 40 ya mkono ule yako nyumba zipi, na tutayafuata. Fito za vitanda vyetu haziachani zaidi ya sentimita 6, ili kiwiliwili cha mtoto kisipenye kichwa kikabaki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zawadi yetu kwako si kubwa. Ni gogo la mninga lenye tundu la inchi moja na robo, nakala ya lile tulilochonga siku ya gurudumu. Tunaomba ulipeleke kwenye chekechea iliyo jirani nawe, mwalimu alijaribishe kwenye kila kitu kilichomo kwenye kapu la vichezeo, na kitakachozama chote akitoe.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi
Nyakato, Mwanza