Kwa mheshimiwa wetu wa New Hampshire

Mdogo wangu,

Nimeona mabango yako. Sasa unataka kiti cha seneti ya jimbo, viti 24 tu, na utakipata. Mdomo umerithi kwa mama. Miguu ya kubisha hodi nyumba kwa nyumba kwenye theluji ni yako mwenyewe. Kila anayeingia dukani namwonyesha picha yako.

Lakini ile simu ya kamati ya mazishi ya mama haijanitoka. Katibu anasoma daftari: fulani elfu tano, fulani gunia la mchele, kisha, "Mheshimiwa wa Marekani, dola 200." Hema zima kimya. Nikakuweka kwenye spika ujieleze, nawe ukaanza na katiba: eti wawakilishi wa bunge la jimbo huko Concord mko 400, mshahara dola 100 kwa mwaka, haujapanda tangu 1889. Watu walicheka hadi viti vikalia. Huku kwetu hata mwakilishi wadi akija matangani huja na bahasha. Ukakata simu.

Pesa sikukudai. Zile dola 200 zilikuwa mshahara wako wa kipindi kizima cha miaka miwili, na nani pale hemani alitoa kiasi hicho? Nilijua unafanya zamu za usiku ili mchana ukae bungeni. Nilichokudai ni kuja kusoma historia ya mama. Ukasema Alhamisi kuna kura, na tangu uchaguzi wa 2022 vyama vya Republican na Democrat vimekaribiana mno, mtu mmoja akikosekana mswada unaanguka. Watu 400, mdogo wangu! Historia nikaisoma mimi, na ukurasa wa pili sikuufikisha mwisho.

Wanaosema nilikuanika makusudi waseme. Ningenyamaza, wangesema umezitafuna.

Na huko seneti mshahara ni uleule, nimeuliza. Tafuta kwanza kazi ya mchana inayokuruhusu kutoka. Mtu hali heshima. Mimi niliacha ualimu nikafungua duka, mkasema tamaa, kumbe mmoja wetu ilibidi abaki karibu na mama, amfungulie mlango, ampeleke kliniki. Nani mwingine angebaki? Wewe? (Hati ya shamba la chini iko kwangu, kaka asikudanganye.)

Vikao vyenu vinaanza Januari. Mjomba anauliza kama utakuja Krismasi tujengee kaburi. Nauli ikikushinda niambie mimi, usiwaambie wao.

Dada yako