Miguu ya mpiga kinubi wa jazi

Ndugu Mhariri,

Kurasa za burudani zikimtaja Dorothy Ashby, mpiga kinubi na mwimbaji wa jazi kutoka Detroit, Marekani, humsifu kwa "sauti ya malaika" na kuishia hapo. Sifa hiyo inampunja, maana inaficha kazi yenyewe.

Kinubi cha okestra kina nyuzi 47, nazo ni C, D, E, F, G, A, B zikijirudia, kama piano isiyo na vibonye vyeusi. Noti za katikati huletwa na pedali saba: D, C na B kwa mguu wa kushoto, E, F, G na A kwa wa kulia. Pedali ikiwa juu, noti zote za jina hilo ni flati (nusu hatua chini); ikiwa katikati, ni za kawaida; ikiwa chini, ni shapu (nusu hatua juu). Wapiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, wataelewa upesi, ila wao hugeuza vile vyuma vidogo kwa vidole, na miguu imetulia.

Sasa chukua wimbo unaotoka ufunguo wa E flati meja kwenda wa E meja, nusu hatua juu. Mpiga gitaa husogeza mkono freti moja. Mpiga kinubi hana budi kusogeza pedali zote saba. Na kwa kuwa anabuni papo hapo, miguu lazima ijue kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) inayokuja kabla ya vidole kuifikia. Akichelewa, uzi ambao bado unatetemeka hukwaruza, au sauti huteleza ikasikika. Nyuzi nene za besi nazo huvuma muda mrefu. Asipozizima kwa kiganja, kodi iliyopita huchafua inayofuata.

Ipo hila moja. Weka B shapu, C kawaida, D shapu, E flati, F shapu, G flati na A kawaida: majina saba, sauti nne tu (B shapu, kwa mfano, ni sauti ileile ya C), zote za kodi moja iitwayo diminishi. Mkono ukipita juu ya nyuzi zote, hakuna noti itakayokosea. Ni nzuri, lakini ikirudiwa kila wimbo ndiyo inayozaa hayo ya malaika. Ashby, aliyeanza jazi kwenye piano, hakuitegemea. Sikilizeni rekodi zake za 1957 na 1958 akiwa na mpiga filimbi Frank Wess: anajibu noti kwa noti, na kodi zake ni fupi, kavu, kama za gitaa. Kwetu sisi hizo ndizo bora zake.

Tunaomba mwandishi wenu aeleze pia albamu ya 1970, ambamo Ashby anaimba, anapiga koto, ala ya nyuzi ya Kijapani, na kalimba, ala ya vidole gumba, ndugu wa ilimba ya Wagogo. Kisha asikilize "If It's Magic" ya Stevie Wonder, ya 1976. Sauti ya Wonder inaongozana na kinubi cha Ashby, bila ngoma wala besi ya kuficha mguu uliochelewa.

Wapenzi wa muziki,
Zanzibar