Mabadiliko ya salongo (kazi ya pamoja ya wakazi) ya Jumamosi, mtaa wa Funu, Bukavu

Ndugu na dada wapendwa, amani kwenu. Kwa sababu mvua imenyesha siku tatu mfululizo, hatutapanda mteremko. Tutakutana Jumamosi saa mbili asubuhi chini ya kilima, mbele ya kanisa. Udongo wa juu umelala juu ya tabaka la udongo wa mfinyanzi ambalo, likishiba maji, huteleza kama sabuni, na nyufa mpya mlizoziona nyuma ya nyumba ni dalili ya kuteleza huko, wala si kosa la fundi kama wengine wanavyodai.

1. Kila nyumba ilete jembe, pamoja na faranga 2,000 za mifereji, kabla ya Ijumaa jioni.
2. Watoto wabaki nyumbani.

Tafadhali thibitisheni hapa, kila mmoja kwa jina lake, kabla ya Alhamisi usiku.