Dada, nitumie kipimo cha mkono wako

Shikamoo dada.

Ujumbe wangu wa simu huufungui, najua. Lakini wifi kaniambia kwamba hapa ninapoandika unapita, tena usiku, watu wakishalala. Basi naandika hapa. Wengine mtakaosoma mtuvumilie, haya ni ya nyumbani.

Kwanza pokea salamu za Krismasi. Nyumba ilijaa mwaka huu. Kaka alikuja na watoto wote watano kutoka Mbeya, shangazi akaja na wajukuu, na wale wa Makambako, ambao kila mwaka husema wanapita tu, wakalala siku tatu. Watoto tuliwapanga sebuleni kama viazi kwenye lumbesa. Mvua haijakata tangu tarehe 20, kuni mbichi, jikoni moshi mtupu, na wanaume hawaonekani kwa sababu ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ndio umeanza kutoka. Wanangu waliniuliza mama mkubwa atafika saa ngapi. Siku ya kwanza niliwaambia kuna foleni Kitonga. Siku ya pili nikawaambia hivyo hivyo. Siku ya tatu hawakuuliza.

Katikati ya hayo yote nimefuma. Nafuma nikisubiri maharage, nafuma wageni wakila, nafuma nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa maana viti vyote vina watu. Nina kazi tatu mkononi. Ya kwanza ni sweta la shule la mwanangu wa mwisho, limebaki shingo tu. Ya pili ni kofia na soksi za mtoto mchanga, uzi mweupe, soksi nazifuma kwa zile spoku za baiskeli alizotunolea baba. Unajua ni za nani. Binti yako kajifungua mwezi wa kumi na moja na mimi nimesikia kwa watu, sokoni, nikiwa nanunua dagaa. Mama aliyeniambia alidhani najua. Nikajifanya najua.

Nimefurahi, dada. Nakuambia kweli, nilifika nyumbani nikapiga magoti. Umekuwa bibi, na wewe ndiye uliyekuwa unanibeba mgongoni kwenda kuchota maji, ndoo kichwani, mimi nikikuvuta nywele. Kwa hiyo kofia naifuma kwa moyo mmoja. Najua Dar ni joto na mtoto hahitaji sufu. Lakini mtamleta huku siku moja, na mkimleta Juni au Julai baridi ya Njombe haiulizi mtoto wa nani.

Nikushauri jambo moja, ingawa mimi ndiye mdogo. Usimwachie binti yako alee peke yake. Usitume tu hela na dada wa kazi. Kaa naye. Mtu akiwa mchovu hivyo hahitaji kuulizwa kwa simu anaendeleaje, anahitaji mtu wa kuamka saa nane usiku. Nayajua hayo kwa sababu mimi nilikaa na mama miezi kumi na mmoja. Hela zako zilifika kila mwezi, sikatai, na dawa zilinunuliwa, na mashine ya oksijeni ulilipa wewe. Lakini saa nane za usiku zilikuwa zangu.

Oktoba 2021, siku ambayo Abdulrazak Gurnah alipewa Nobel, ulinipigia. Ulikuwa na furaha ya kitoto, unapiga kelele kwenye simu, mtu wa Zanzibar kashinda, mtu wa kwetu. Ukasema kitabu chake kikitafsiriwa kwa Kiswahili utaninunulia, maana unajua Kiingereza kinanichosha. Mimi nilikuwa nimesimama karaini, mikono kwenye mashuka ya mama, simu nimeibana kwa bega. Nikasema asante dada. Sikukuambia ninafua nini. Hapo kosa ni langu, nilipaswa kukuambia.

Na kitabu kimekuja. Kilifika na basi tarehe 22, kimefungwa kwenye gazeti, jina langu kwa mwandiko wako unaolalia kushoto, ndani hamna hata kikaratasi. Peponi. Kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1994. Sisi tumesubiri hadi 2022, Ida Hadjivayanis alipokitia kwenye lugha yetu. Na mimi nimesubiri miaka mingine juu ya hiyo. Lakini uliahidi na umetimiza. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu kabla ya kufungua gazeti lote.

Nimekisoma wiki hii hii, katika rabsha hii hii. Niligundua kwamba mstari ulionyooka naweza kuufuma bila kutazama, basi nikakiegemeza kitabu kwenye kopo la unga, kurasa nikazibana kwa vibanio vya nguo, macho huku mikono huku. Kwenye shingo na kwapa nilikuwa nafunga kitabu kwanza. Kijana Yusuf ana miaka kumi na miwili anapopandishwa treni na tajiri anayemwita ami, akidhani anakwenda kutembea. Baadaye Khalil, kijana wa dukani ambaye naye ni rehani, anamwambia ukweli: wewe ni rehani, baba yako anadaiwa. Nilipofika hapo vitanzi viwili viliniponyoka na sikuviona mpaka mistari minne mbele.

Maana hivyo ndivyo nilivyojiona miaka yote, dada. Wewe ulikwenda, kaka alikwenda, na mimi niliwekwa hapa kwa ajili ya deni letu sote kwa mama. Sikuwahi kulitamka. Ila nikaendelea kusoma, nikamkuta tena Khalil, ambaye angeweza kuondoka akabaki kwa sababu ya dada yake Amina. Hapo nikakasirika. Sijui kama ulinitumia kitabu hiki ukiwa umekwisha kukisoma. Kama ulikisoma, ulitaka nijione kwa nani?

Sasa tuseme lile.

Ilikuwa jioni ya kuamkia arobaini. Wanawake walikuwa uani wanachagua mchele, mimi nilikuwa chumbani kwa mama. Kile kikapu cha ukindu chini ya kitanda nilikivuta siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu tuzike. Ndani kulikuwa na sweta lake jekundu, ule wekundu wa udongo wa barabara yetu, mgongo umekamilika, kifua kimefika kwapani, vitanzi bado viko kwenye sindano. Na panya walikuwa wameingia. Walikuwa wamekata kifua sehemu tatu na kona ya mgongo wamejitengenezea kiota. Wewe hufumi, hukutaka kujifunza, kwa hiyo nakueleza: kitu kilichofumwa kikikatwa uzi mmoja hakikai hivyo. Kinaachia. Kila ukikigusa kinaachia zaidi, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka unabaki na nyuzi za kutupa. Kuna njia moja tu ya kukiokoa, nayo ni kufumua chote, kuunga vipande, kuufua uzi na maji ya vuguvugu, kuuning'iniza na kitu kizito unyooke, kisha kuanza upya. Nilifanya hivyo. Nilikuwa nimeuzungushia kwenye miguu ya stuli nikiunga ncha kwa ncha. Nilihesabu vifundo kumi na saba.

Ukaingia, na vumbi la safari bado usoni. Nilidhani utakaa chini unishikie uzi kama zamani, mikono miwili mbele, mimi nikiviringisha bonge. Ulisimama mlangoni. Nyuma yako mawifi, nyuma ya mawifi yule mama mchungaji. Ukasema, "Umemfumua mama."

Hukupiga kelele. Ungepiga kelele ningejibu. Ukainama ukachukua zile sindano namba nane, ile moja ambayo kichwa chake kilidondoka mama akafunga kipande cha tyubu ili vitanzi visitoke, ukazitia kwenye mkoba wako. Kesho yake kwenye ibada ulikaa benchi la upande wa pili. Na mimi nikapika chakula cha watu mia mbili nikiwa nimesikia neno hilo, na bado nalisikia nikisonga ugali, nikifagia, nikisali. Umemfumua mama. Mimi niliyemgeuza kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Hakupata hata kimoja, dada. Muulize nesi.

Watu wamenishauri niombe radhi yaishe. Nimeshindwa kwa sababu sioni radhi ya nini. Kwa panya? Kwa kuokoa uzi?

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo jana nikasema inatosha, nitume. Nikashindwa kulala.

Kuna kitu sijakuambia. Kabla ya kufumua nilihesabu vitanzi, kama alivyotufundisha, ili kazi iweze kurudiwa. Vilikuwa 118. Mimi kifua changu ni vitanzi 100, mama alinifumia mara nyingi, hakuwahi kuzidisha. Kaka havai rangi hiyo. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha, 80 zingemtosha. Kwa vidole vile vilivyokuwa vikitetemeka, miezi ile ambayo mimi ndiye nilimshikia kikombe, alikuwa anakufumia wewe. Wala hakunitajia.

Nilijua kabla hujaingia mlangoni. Nilijua, na nilivuta uzi, na panya walikuwa sababu ya kweli lakini sijui kama walikuwa sababu yote. Nilivuta haraka kuliko ilivyohitajika. Na uliposema neno lako nilinyamaza kwa ajili ya hilo pia. Ningeweza kukuambia pale pale kwamba lilikuwa lako. Nikakuacha urudi Dar hujui.

Sikuona pa kuyasema haya ila hapa, na sasa naona wamesoma watu wengine kabla yako. Basi wasome.

Kazi ya tatu niliyokuwa nayo wiki hii ni hiyo. Nililianza Septemba upya, vitanzi 118, kwa sindano za plastiki nilizonunua mjini, ambazo zinapinda na kukwama. Mgongo umekwisha. Kifua kimekwisha, vifundo vyote kumi na saba nimevigeuzia ndani, ukivaa hutavihisi. Mkono wa kushoto nimeufuma kwa kukisia, nikimtumia binti wa shangazi kwa sababu mnalingana kimo, ila yeye ana mikono mifupi na wewe mikono yako mama alikuwa akisema inafika kabla yako. Nadhani nitaufumua.

Nitumie kipimo. Kuanzia begani mpaka kwenye kifundo cha mkono, mkono ukiwa umekunjwa kidogo. Usipime peke yako, utakosea, mwambie binti yako akushikie futi. Ukiona kutuma ni kugumu, njoo nipime mwenyewe, Pasaka au Juni, na uje na zile sindano.