Kipimo cha kesho yake hakimtulizi mwanafunzi

Mhariri,

Wanafunzi wengi huanza ngono wakiwa chuo kikuu, na ushauri wanaopewa huishia kwenye kondomu. Naomba nafasi nizungumzie wiki zinazofuata, maana ndizo zinazowanyima usingizi.

Aliyefanya ngono bila kinga, au aliyepasukiwa na kondomu, hukimbilia kupima VVU kesho yake. Majibu ya siku hiyo hayasemi lolote kuhusu tukio la jana. Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, nazo huchukua kati ya siku 23 na 90 kufikia kiwango cha kuonekana. Asipoelezwa hivyo, atapima tena na tena, masomo yatamshinda, na kila homa ataiona ndiyo yenyewe.

Saa za mwanzo zina kazi nyingine. Dawa za kuzuia maambukizi, yaani PEP, huanzwa mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, kisha humezwa kwa siku 28. Wapo wanaoziacha njiani kwa kichefuchefu, ilhali wangerudi kliniki wangesaidiwa. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, levonogestreli miligramu 1.5, nacho hakitaki kucheleweshwa. Anayetapika ndani ya saa 2 ameze kingine. Kipimo cha mimba kinaaminika siku 21 baada ya tendo.

Sasa, anayetoa dawa hizo aulize pia habari za moyo. Maswali mawili yanatosha kuanzia: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo unayoyapenda, na ni mara ngapi umejihisi mnyonge au kukata tamaa? Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 3, apelekwe kwa mshauri nasaha siku hiyohiyo, asiambiwe arudi wiki ijayo. Aulizwe pia, faraghani, kama alitaka mwenyewe. Aliyelazimishwa hatulizwi na majibu ya maabara hata yakiwa mazuri kiasi gani, na msaada wake ni mwingine kabisa.

Anayeandikiwa dawa za sonona aambiwe mapema kwamba baadhi hupunguza hamu ya ngono na kuchelewesha kufika kileleni. Wasiojua huziacha ghafla, wakapata kizunguzungu na wasiwasi maradufu, kumbe daktari angeweza kubadilisha dawa au dozi.

Kliniki za vyuo zimwandikie kila mwanafunzi tarehe ya kipimo cha marudio kabla hajatoka mlangoni, pamoja na jina la mshauri atakayempokea.

Mshauri wa afya ya wanafunzi